Meli, Feri na Fungu la Kusubiri: Kuzunguka Ziwa Victoria kwa Mfuko Mdogo

Kabla ya safari

Safari ya majini haipangwi kama safari ya basi. Basi la alfajiri likikuacha, la saa nne lipo. Meli ya Bukoba ikikuacha Mwanza Alhamisi usiku, kwa ratiba tuliyoikuta utaisubiri mpaka Jumapili, na mkiwa kundi kubwa kusubiri huko kunakula fedha ya safari nzima. Ndiyo maana tulipoanza kupanga kuzunguka upande wa kusini wa Ziwa Victoria kwa vyombo vya abiria wa kawaida, daftari letu lilianza na ratiba ya MV Victoria, ndiyo meli hiyo ya Bukoba. Siku ya meli ilipojulikana, mengine yote tuliyapanga kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Tulikuwa walimu watano wa shule moja mjini Shinyanga, nesi tuliyemkabidhi hazina, fundi seremala, mama mkwe wa mwalimu mwenzetu ambaye sote tunamwita Bibi, na Mzee, mstaafu wa reli anayelijua ziwa hili tangu ujana wake. Tulichanga elfu thelathini kila mwezi kuanzia Januari, ili likizo ya Juni itukute kila mmoja ana laki moja na themanini mfukoni mwa kikundi. Kwa familia zetu hiyo si fedha ndogo, na kila shilingi ilijadiliwa.

Mafungu yalikuwa manne. Nauli, malazi na chakula havikuleta ubishi. Fungu la nne ndilo lililotukalisha mpaka usiku: Mzee alitaka sehemu moja ya tano ya michango yote iwekwe pembeni, isiguswe, iitwe fungu la kusubiri. Kijana mmoja kati yetu aliona afadhali fedha hiyo itupeleke mbali zaidi, hata Musoma. Mzee akamjibu taratibu.

“Mwanangu, anayepanda chombo kilichojaa si mjinga. Ni mtu aliyebakiwa na nauli tu. Hana pa kulala, hana cha kula kesho, kwa hiyo atajibana humo humo. Mimi sitaki tufike gatini tukiwa watu wa namna hiyo.”

Hapo ubishi ukaisha. Tukaongeza na sheria mbili. Mtu yeyote katika kundi akikikataa chombo, iwe kwa sababu ya upepo, mzigo au wingi wa watu, kundi zima linabaki na hakuna atakayemlaumu. Na kabla ya meli kubwa ya Alhamisi tuwe na siku nzima ya akiba isiyo na kazi yoyote, ili visiwa vikituchelewesha meli isituache.

Kwenye chakula tulibana sana. Kila nyumba ilitoa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga, kwa kuwa michembe iliyopikwa na karanga inashibisha na kilo yake ni rahisi kuliko mchele. Bibi alileta matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, yaliyotosha kijiji. Fundi alibeba sufuria mbili, jiko la mkaa na kisu.

Jumapili: Shinyanga, Mwanza, Kamanga

Basi la asubuhi, mawe ya Mwanza mchana. Tulishukia mbali kidogo na katikati ya mji kwa sababu gesti za pembezoni bei yake ni nusu ya zile za mjini, na daladala zipo mpaka usiku.

Jioni tulikwenda kujaribu feri ya Kamanga. Ilikuwa kwenye mpango kwa makusudi: watatu kati yetu hawakuwahi kupanda chombo cha majini maishani, na si vizuri mtu ajijue anaogopa maji akiwa katikati ya safari ya usiku kucha. Kamanga ni karibu nusu saa ya kuvuka ghuba ya Mwanza kwenda upande wa Sengerema, nauli yake haiumizi, na ukitaka unarudi na chombo hicho hicho. Jiwe la Bismarck linabaki nyuma yako, vilima vya mawe vya jiji vinaonekana vyote, na mama wauza samaki wanaorudi nyumbani wanapiga soga kama vile wako kibarazani.

Bibi alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili mpaka katikati ya ghuba. Tulipokuwa tunarudi alikuwa ameuachia mmoja, anamwelekeza Nesi ndege wanaofuata feri. Mwalimu mmoja alisikia kichefuchefu kidogo, na Nesi akaandika jina lake kwenye karatasi ya dawa. Jaribio lilikuwa limefanya kazi yake.

Jumatatu: Mwanza, Nansio

Kabla ya kupanda chombo cha Ukerewe tulipita dirisha la tiketi la Bandari ya Mwanza Kaskazini kukata tiketi za meli ya Alhamisi. Nauli za madaraja zimebandikwa ukutani, kwa hiyo hakuna haja ya kumsikiliza mtu yeyote anayekuita pembeni kukuuzia. Tulikuwa na vitambulisho vyote kwenye bahasha moja, na kazi ikaisha haraka. Kundi likifika gatini kila mtu anapekua begi lake kutafuta kitambulisho, foleni nzima inasimama.

Saba tulichukua daraja la pili la kukaa. Bibi na Mzee tuliwakatia vitanda, na tofauti ya nauli ikatoka kwenye mfuko wa wote. Hili tulikuwa tumelikubali mapema, nyumbani, ili wasije wakajisikia mzigo mbele ya dirisha la tiketi.

Meli ya kwenda Nansio ilijaa magodoro, kreti za soda, mabati na wanafunzi waliofunga shule. Mwendo ni wa nusu siku ya asubuhi, ziwa lilikuwa tulivu, na sina mengi ya kuandika isipokuwa kwamba kila abiria alijua mahali majaketi ya kuokolea maisha yalipo. Mtoto wa kama miaka saba ndiye aliyenionyesha mkanda wa kiunoni unavyofungwa. Watu wa visiwani hujifunza hayo mapema, na wana sababu.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na ukishuka Nansio huoni kisiwa. Unaona mji wenye soko, baiskeli nyingi na vumbi. Machungwa ya Ukerewe yalikuwa yamepangwa mafungu mpaka barabarani. Tulinunua ndoo nzima. Gesti tuliyopata ina uani na mwenye nyumba alituruhusu kupika, kwa hiyo sato wawili wakubwa kutoka mwaloni, ugali wa muhogo na machungwa vilitulisha wote kwa fedha ambayo mjini ingelisha watatu.

Jumanne: Bugolora, Ukara

Hii ndiyo siku niliyoisubiri tangu tulipoanza kuchanga, na niliisubiri kwa uzito moyoni.

Kutoka Nansio mpaka Bugolora tulipanda michomoko miwili, magari madogo ambayo dereva hujaza mpaka kwenye buti. Tulilipia viti vyote vya magari hayo ili tukae kwa nafasi. Ikagharimu kidogo zaidi, Nesi akaandika.

Bugolora kuna gulio kila Alhamisi. Alhamisi ya Septemba 20, 2018 kivuko MV Nyerere kiliondoka hapa mchana kimebeba watu waliotoka gulioni na mizigo yao, wakirudi kisiwani Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Siku hiyo kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na magunia ya mahindi na saruji. Kilipinduka kikiwa kimeshaliona gati la Bwisya, huko Ukara, mita chache tu kutoka nchi kavu, mbele ya macho ya ndugu waliokuja kupokea wageni na bidhaa zao. Waliokufa ni zaidi ya 220. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai; alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobakiwa na hewa.

Niliwaeleza wenzangu hayo tukiwa bado Bugolora, tumekaa chini ya mti, kabla ya kupanda. Baadhi walinitazama kwa kutopenda. Lakini mtu anayepita njia ile kwa matembezi anapaswa kujua anapita juu ya nini. Wakara wanapita hapo kila wiki, hawana njia nyingine ya kwenda hospitali ya wilaya wala sokoni.

Kivuko cha sasa ni kikubwa kuliko kile cha zamani. Abiria waliandikwa majina, wakahesabiwa, mizigo mizito ikapangwa katikati. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuamka, mawimbi mafupi mafupi yenye povu, na mwenzetu wa kichefuchefu alimeza kidonge chake mapema. Hakuna aliyepiga soga kama Kamanga.

Bwisya kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu karibu na gati. Fundi alisoma majina kwa sauti ya chini, akafika mahali akanyamaza. Familia moja ilikuwa na majina mengi mfululizo. Mzee alivua kofia. Sehemu ya fedha za rambirambi zilizochangwa na Watanzania mwaka ule ilijenga majengo ya kituo cha afya cha hapo Bwisya, na Nesi aliomba aingie kuwasalimia wenzake wa kazi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisema wauguzi wa zamu walimwambia kwamba mama mjamzito anayehitaji rufaa, kitu cha kwanza kuulizwa ni hali ya ziwa.

Kisha tukatembea, na kisiwa kikatupa mambo mengine kabisa. Ukara ni kidogo na watu wamebanana, na kwa vizazi vingi Wakara wamelima ardhi ile ile bila kuipumzisha. Ng’ombe wao wanafungwa kwenye shimo ndani ya zizi la nyumbani, wanakatiwa majani, na samadi yote inarudi shambani kwa vikapu. Wanapanda marejea kati ya mazao ili kuirutubisha ardhi. Hata mti una mwenyewe; hukati tawi njiani bila kumwuliza. Mimi nafundisha kilimo shuleni kwenye ardhi pana ya Shinyanga iliyochoka kwa sababu tunaihama badala ya kuitunza, na nilisimama kwenye kishamba cha mzee mmoja nikiuliza maswali mpaka wenzangu wakanivuta mkono. Mzee yule alinijibu kila swali, akanipa na mbegu za marejea kwenye kipande cha gazeti.

Jiwe linalocheza tuliliona pia. Ni jiwe kubwa juu ya jingine, linatikisika wenyeji wake wakilisukuma kwa namna wanayoijua wao. Tulitoa kidogo kwa wazee wa mahali hapo, kama desturi inavyotaka.

Alasiri tulirudi gatini na kukuta watu wengi kuliko tulivyotarajia. Palikuwa na msiba upande wa pili na ukoo mzima ulikuwa unavuka. Wahudumu walihesabu, wakafika idadi yao, wakafunga mlango. Watu waliobaki nje walikuwa sisi na wengine kama kumi. Mtu mmoja aliyesimama pembeni akaja haraka: ana mtumbwi wa injini, anaondoka sasa hivi, bei ni ndogo, Bugolora tunafika kabla ya giza.

Mawimbi yalikuwa yameshapanda. Nilihesabu majaketi mtumbwini, yalikuwa matatu. Bibi hakungoja kikao. Akaweka ndoo yake ya machungwa chini, akaikalia.

“Mimi nalala hapa,” alisema.

Kwa sheria yetu neno hilo lilitosha. Nesi akafungua bahasha ya fungu la kusubiri kwa mara ya kwanza. Gesti ya Bwisya ilikuwa na vyumba vichache; wanawake tukaingia wawili wawili, na mwalimu wa shule ya pale, tuliyefahamiana naye saa hiyo hiyo kwa sababu walimu hutambuana, akawachukua wanaume kwake akawatandikia mikeka. Tuliwapikia familia yake michembe yetu. Walikuwa wanaijua kwa kuisikia tu.

Jumatano: Ukara, Nansio

Ziwa lilikuwa limetulia kabisa asubuhi. Kusi mara nyingi hulala alfajiri na kuamka jua likipanda, ndiyo maana wavuvi na wasafiri wa visiwani hupenda chombo cha kwanza. Tulivuka na cha kwanza, tukiwa tumekaa kwa nafasi.

Siku yetu ya akiba ndiyo iliyotumika hivi. Ilikuwa tuwe Mwanza jioni hiyo. Badala yake tulilala tena Nansio, gesti ile ile, na mwenye nyumba akatupunguzia bei bila kuombwa. Fundi alimtengenezea mlango wa bafu uliokuwa unaburuza chini.

Alhamisi: Rugezi, Kisorya, Igoma, halafu meli

Kutoka Ukerewe kuna njia mbili za kurudi Mwanza: meli ya moja kwa moja, au kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha barabara kupitia Bunda. Tulichagua ya pili kwa sababu hatukutaka kupita njia moja mara mbili, na kivuko ni kifupi, maji membamba tu kati ya kisiwa na bara. Malori na mabasi yanapanda pamoja na watu na mbuzi. Ukipanda basi linaloanzia Nansio, huhitaji kubadilisha gari: mnashuka, mnavuka kwa miguu juu ya kivuko, mnapanda tena ng’ambo. Tulifanya hivyo.

Baada ya Bunda barabara inapita kwenye ncha ya magharibi ya Serengeti, hapo Ndabaka. Abiria wa upande wa kushoto waliona pundamilia na nyumbu kadhaa wakila majani kwa raha, bila kulipa kiingilio. Walimu wote tukahamia kushoto.

Barabara ya Musoma inaingia Mwanza kupitia Igoma, na huko tulishuka kabla ya kufika mjini. Yako makaburi ya watu waliokufa kwenye MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ile ilitoka Bukoba usiku, ikapitia Kemondo, na asubuhi ikazama ikiwa karibu kabisa na Mwanza. Mamia walikufa, wakiwemo wanafunzi na wafanyabiashara. Mzee alikuwa kazini Mwanza mwaka ule. Alituonyesha kwa mkono upande meli ilipolalia, akaeleza jinsi mji mzima ulivyojaa pwani, kisha akasema twende, tusichelewe.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa bandarini. Meli huondoka saa tatu usiku, lakini daraja la kukaa halina budi kuwahiwa ili kundi likae mahali pamoja.

Kuhusu MV Victoria yenyewe naweza kuandika ukurasa baada ya ukurasa. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Wakati huo meli za ziwa zilikuwa mali ya reli ya Afrika Mashariki, na Mzee alitueleza maana yake: tiketi, makarani na mizigo vilikuwa vya shirika moja, treni ikifika Mwanza meli iko gatini inaisubiri. Victoria ilizunguka ziwa zima, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, bila abiria kushuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, na hii ikabaki Tanzania. Miaka ya karibuni ilisimama muda mrefu kwa ubovu, wakati ambapo watu wa Bukoba waliikosa meli yao. Ilikarabatiwa, ikarudi majini Agosti 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Naamini kundi lenye fedha kidogo halipati usiku bora kuliko huu katika nchi yetu. Nauli moja inakupeleka na inakulaza. Chumba cha gesti hulipii, na asubuhi uko mkoa mwingine bila kupoteza mwanga wa siku. Sisi tulitandaza kanga na shuka kwenye viti, tukapanga zamu za kulinda mabegi, saa mbili kila mtu. Wasiokuwa zamu walipanda juu. Taa za Mwanza zilikaa nyuma yetu muda mrefu kabla ya kupotea vilimani, kisha kukawa na taa nyingine majini, mia kwa mia, za wavuvi wa dagaa. Juni ni baridi ziwani usiku. Koti si anasa.

Kabla ya kuondoka tulipewa maelezo ya majaketi na njia za kutokea, na nilitembea kila njia kwa miguu nikiwa na mwalimu mwenzangu, mpaka milango ya nje, na kurudi. Inachukua dakika tano. Kila kiongozi wa kundi afanye hivyo.

Ijumaa: Bukoba

Kemondo tulifika kungali giza, makelele ya makuli yakatuamsha. Wanashusha sabuni na saruji, na safari ya kurudi meli hubeba mikungu ya ndizi. Jua lilichomoza nyuma yetu, juu ya ziwa, tulipokuwa tunaingia Bukoba, na kisiwa cha Musira kikatokea mbele ya mji na majabali yake.

Tulikula ndizi za kupika na maharage karibu na soko, sahani kubwa kwa bei ya kistaarabu. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa mezani, Bibi akaipenda akanunua ya kupeleka Shinyanga. Senene hawakuwa msimu wake, waliokuwepo ni wa kukaangwa waliohifadhiwa, na mwenzetu aliyeapa hatawagusa alimaliza pakiti.

Mchana tulitaka kwenda Musira. Inasimuliwa kwamba zamani za watawala wa Kihaya, waliohukumiwa kwa makosa makubwa walitupwa kule. Mwenye boti alikuwa tayari kutubeba sote mara moja, majaketi yake yakiwa sita. Tulimwomba atuvushe kwa awamu mbili, kila mtu avae jaketi, na tukamlipa mafuta ya awamu ya ziada kutoka fungu la kusubiri. Alikubali bila kununa. Alisema wateja wengi wanamwambia apunguze bei, wachache wanamwambia apunguze watu. Alikuwa fundi hasa wa kazi yake, alikata mawimbi kwa mshazari hata Bibi hakulowa.

Jumamosi: Bukoba, Busisi, nyumbani

Kurudi kwa meli kungetaka tukae mpaka usiku mwingine wa safari yake, na shule ilikuwa inafunguliwa. Tulipanda basi la alfajiri: Muleba, Geita, Sengerema. Siku ndefu, migongo inauma.

Busisi ndipo kila msafiri wa Kanda ya Ziwa alikuwa na kisa chake cha kivuko. Mabasi yalipanga foleni, abiria wakala mahindi ya kuchoma, na gari la wagonjwa nalo lilisubiri maji yale yale. Tangu Juni 19, 2025 kuna daraja la kilomita 3 mpaka Kigongo. Basi letu lilipita bila kusimama, na nilipotazama saa dakika zilikuwa chache mno. Mimi napenda vivuko kwa moyo wote, nimechanga miezi sita ili nivipande, na nilifurahi kwa ajili ya daraja hili kuliko nilivyotegemea. Nesi alikuwa dirishani, akaniambia, “Dada, wale wa Bwisya nao wanastahili kitu.” Tukazungumza hilo mpaka ng’ambo: daraja la Ukara si jambo la karibuni, lakini kivuko cha pili, boti ya wagonjwa inayosimama Bwisya usiku na mchana, hivyo vinawezekana, na vinapaswa kudaiwa na watu wengi zaidi ya Wakara wenyewe.

Tulishuka Usagara, penye njia panda, badala ya kuingia Mwanza na kutoka tena. Basi la Shinyanga likatuchukua hapo hapo barabarani, na nauli ya kipande cha mjini ikabaki mfukoni.

Ndani ya basi Nesi alisoma hesabu kwa sauti. Nauli zilikula karibu nusu ya fedha yote, malazi yalikuwa madogo kwa sababu ya usiku wa melini na ukarimu wa Ukara, chakula kilibaki chini ya tulivyopanga. Fungu la kusubiri lilitumika zaidi ya nusu. Lililobaki tulipiga kura, hakuna aliyetaka arudishiwe. Limebaki kwenye akaunti ya kikundi, na michango ya elfu thelathini inaanza tena mwezi ujao. Mzee ameshaandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: Ziwa Nyasa, MV Mbeya II, kutoka Kiwira kushuka mpaka Mbamba Bay, ratiba kwanza.